Ala ya Muziki Uliyoagiza Haijafika: Usubiri Hadi Lini?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa na jukumu la kununua vyombo vya kwaya yetu mjini Dar es Salaam, na swali ambalo viongozi wenzangu huniuliza kuliko mengine yote ni hili: duka limepokea pesa zetu, limetuambia kwamba kinanda kimekwisha stoo na kingine kiko njiani, sasa ni mwezi wa tatu tangu tulipe; tuendelee kusubiri au tudai chetu? Ningependa kuwapa idadi ya wiki, lakini idadi moja haipo. Kinanda cha kiwandani, gitaa la mkono wa kushoto, ganuni ya taarabu na klarineti ya mpingo huchelewa kwa sababu zisizofanana, na muda ambao ni wa kawaida kwa ala moja ni dalili ya hatari kwa nyingine.

Jambo nililojifunza, tena kwa kupoteza pesa za watu, ni kwamba swali la "itafika lini?" halina faida kubwa. Muuzaji yeyote anaweza kutaja tarehe. Swali lenye faida ni "iko wapi sasa?", kwa sababu mahali panaweza kuthibitishwa kwa karatasi, na ukishapajua unaweza kuhesabu muda wewe mwenyewe. Hatua zinazofuata zimejengwa juu ya swali hilo.

Hatua ya kwanza: Weka siku yako ya mwisho kabla ya kulipa

Kabla hujauliza lolote dukani, kaa na kalenda. Andika siku ambayo ala lazima ianze kutumika mbele ya watu, kisha uhesabu kurudi nyuma. Mpiga kinanda anayehamia kwenye chombo kipya anahitaji kama wiki tatu ili azoee menyu zake, ahifadhi midundo na sauti anazozitumia, na afanye mazoezi na kwaya mara kadhaa. Kutafuta chombo kingine endapo hiki hakitafika, iwe ni kununua cha mtumba au kukodi, huchukua siku kumi hivi kwa mtu anayejua pa kutafuta. Kwa hiyo Pasaka ikiangukia Aprili 5, wiki tatu za mazoezi zinakurudisha Machi 15, na siku kumi za kutafuta chombo kingine zinakurudisha Machi 5. Siku yako ya mwisho ya kusubiri ni hiyo Machi 5. Wengi hukosea hapa, kwa kuwa huiweka akilini siku ya sikukuu yenyewe, na duka likiwaambia "mwisho wa Machi" hufurahi wakidhani wamewahi.

Ala za nyuzi zinahitaji nafasi kubwa zaidi. Ganuni huwa na nyuzi takribani 78, zilizopangwa tatu tatu kwa kila sauti, na nyuzi mpya hulegea kila siku mpaka zitulie. Kikundi kinachojiandaa kwa tamasha la Sauti za Busara, ambalo hufanyika Zanzibar mwezi Februari, hakiwezi kupokea ganuni mwishoni mwa Januari na kutarajia ishike sauti jukwaani katika unyevunyevu wa pwani. Mimi ningeitaka iwe mikononi mwa mpigaji mwezi mzima kabla.

Siku hiyo ya mwisho iandike kwenye daftari la kikundi, na wajumbe wote waijue. Siku inayobaki kichwani mwa mtu mmoja husogezwa kirahisi sana.

Hatua ya pili: Uliza ala iko wapi, na uombe karatasi

Ala ya kiwandani unayoisubiri inaweza kuwa katika mojawapo ya hali tano, na kila hali ina muda wake. Makadirio ninayoyatoa ni yangu, kwa mizigo inayokuja Dar es Salaam au Mombasa.

Hali ya kwanza ni kwamba ala imo katika ghala la msambazaji aliye nchini au nchi jirani, kwa mfano duka la Mwanza linapoagiza kutoka Dar es Salaam, au la Arusha linapoagiza kutoka Nairobi. Hapa wiki moja inatosha. Wiki mbili zikipita bila kitu kuonekana, basi ala haikuwamo ghalani tangu mwanzo.

Hali ya pili ni kwamba iko Dubai, ambako wafanyabiashara wengi wa pwani yetu hununua bidhaa za kielektroniki. Kwa ndege ni siku chache pamoja na muda wa forodha. Kwa meli, hesabu wiki nne hadi sita, na usisahau muda wa kujaza kontena: mzigo mdogo hauondoki peke yake, bali hukaa ghalani ukingoja mizigo ya wengine hadi kontena lijae, na muuzaji mara nyingi huita kukaa huko "kuwa njiani".

Hali ya tatu ni kwamba iko baharini, ikitoka moja kwa moja China au Indonesia, nchi ambamo vinanda na magitaa mengi ya bei ya kati huundwa, yakiwemo ya Yamaha na ya Squier. Safari ya meli huchukua takribani mwezi mmoja, au zaidi ikiwa kontena linahamishwa kutoka meli moja hadi nyingine katika bandari ya katikati, na kwa kutoa mzigo bandarini ongeza wiki mbili au tatu. Habari njema ni kwamba hali hii ndiyo rahisi kuithibitisha kuliko zote. Omba namba ya kontena, ambayo imo katika hati ya meli ambayo mawakala wa forodha huiita kwa kifupi BL, kisha uiingize kwenye tovuti ya kampuni ya meli, nawe utaona kontena lilipakiwa bandari gani na linatarajiwa lini. Muuzaji mwaminifu anaweza kuficha bei alizonunulia katika nyaraka zake, na hiyo ni haki yake, lakini hana sababu ya kuficha namba ya kontena.

Hali ya nne ni kwamba ala bado haijaundwa, ila imo katika ratiba ya kiwanda. Hapa hesabu miezi mitatu hadi sita. Viwanda haviundi kila modeli kila wiki. Huunda kwa mafungu, na modeli isiyouzwa sana hupata mafungu machache kwa mwaka. Ndiyo maana mpiga gitaa wa mkono wa kushoto husubiri kuliko mwenzake, na anayeng'ang'ania rangi adimu husubiri kuliko anayekubali nyeusi. Ukikosa nafasi katika fungu moja, unasubiri lingine lote. Karatasi ya kuomba hapa ni uthibitisho wa msambazaji kwa duka, unaoonyesha modeli, idadi na mwezi wa uzalishaji.

Hali ya tano ni kwamba duka halijaagiza kitu. Hili lilitupata sisi. Tulilipa nusu ya bei ya kinanda mwezi Septemba kwa ajili ya Krismasi, na kila tulipouliza tarehe tulipewa mpya: mwisho wa Oktoba, katikati ya Novemba, "wiki ijayo". Mwanakwaya mmoja ambaye ni karani wa bandarini ndiye aliyeniambia niache kuuliza tarehe, niombe namba ya kontena. Nilipoiomba, muuzaji alinyamaza, kisha akakiri kwamba alikuwa bado anakusanya malipo ya wateja wa kutosha ili ndipo aagize. Hapakuwa na kontena, hapakuwa na oda, na miezi mitatu ilikuwa imepita. Pesa zetu zilirudi kwa vipande hadi mwaka uliofuata, na sehemu yake haikurudi kabisa.

Ala zinazoundwa kwa mkono zina utaratibu tofauti. Fundi wa ganuni aliyeko Istanbul au Cairo hafanyi kazi kwa makontena, na kusubiri miezi kadhaa kwake ni jambo la kawaida. Hata kampuni kubwa ya piano ya Steinway husema kwamba piano moja huchukua karibu mwaka mzima kuundwa. Kwa fundi, "iko wapi?" hugeuka kuwa "imefikia wapi?": je, mbao zimekwisha kukatwa, sanduku limeunganishwa, ngozi imewambwa, nyuzi zimefungwa? Omba picha ya kila hatua. Fundi anayeipenda kazi yake huituma kabla hujamaliza kuiomba.

Hatua ya tatu: Jua nafasi yako katika foleni

Kujua kwamba kontena liko baharini hakutoshi, kwa sababu huenda chako hakimo ndani yake. Ala inapokuwa adimu, msambazaji humgawia kila muuzaji kidogo, na duka lililoagiza vinanda kumi linaweza kupokea vinne. Kwa hiyo uliza maswali matatu: vipande vingapi vimethibitishwa katika mzigo unaokuja, wateja wangapi wamelipa kabla yangu, na je, foleni inafuata tarehe ya malipo au kuna wateja wanaotangulizwa?

Ukipata majibu, hesabu ni nyepesi. Tuseme mzigo wa vinanda sita huja kila baada ya miezi miwili, wa kwanza unatarajiwa baada ya mwezi mmoja, nawe ni wa 14. Mzigo wa kwanza unamaliza mteja wa 6, wa pili unamaliza wa 12, na chako kimo katika wa tatu, yaani baada ya miezi mitano. Muuzaji aliyekuambia "mzigo unafika mwezi ujao" hakusema uongo, ila hakujibu swali lako. Andika namba yako ya foleni kwenye risiti, kwa mkono wake, na tarehe.

Hatua ya nne: Pima sababu unayopewa

Kuchelewa kwingine kuna sababu ya kweli, na si haki kumwita kila muuzaji tapeli. Sababu ya kweli ina sifa moja: inaweza kutajwa kwa jina, na athari yake inalingana na ala unayoisubiri.

Chukua mfano wa Oktoba 20, 2020, siku ambayo moto uliteketeza kiwanda cha kampuni ya AKM katika mji wa Nobeoka nchini Japani. Kiwanda kile kilikuwa kikitengeneza chipu za kubadilisha sauti kuwa data na data kuwa sauti, zinazotumika katika vifaa vingi vya muziki vya kielektroniki, na baadhi ya watengenezaji walilazimika kubuni upya bodi zao ili watumie chipu nyingine. Moto ule ulitokea katika mwaka ambao watu wengi duniani, wakiwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya UVIKO-19, walikuwa wakinunua magitaa na vinanda kwa wingi. Mtu aliyesubiri kifaa cha kurekodia mwaka 2021 alikuwa na sababu nzuri ya kuvumilia miezi sita. Lakini aliyesubiri gitaa la kawaida lisilotumia umeme, kisha akaelezwa habari za chipu, alipaswa kushtuka, kwa maana gitaa hilo halina chipu.

Njia za bahari nazo huleta sababu za kweli. Meli ya Ever Given iliziba mfereji wa Suez kwa siku sita mwezi Machi 2021, na tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi ziliikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mzigo kutoka Ulaya uliathirika moja kwa moja. Mzigo kutoka China kuja Mombasa haupiti Suez, kwa hiyo ucheleweshaji wake huwa wa mzunguko, wa meli na makontena kukosekana, wala haupaswi kuwa mrefu kama ule wa Ulaya. Tazama ramani kabla ya kukubali maelezo.

Kalenda za viwanda ni jambo ambalo wanunuzi wetu hawalifikirii. Mwaka Mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, husimamisha viwanda vingi kwa wiki mbili au zaidi, kwa kuwa wafanyakazi husafiri kwenda kwao. Kuna pia mapumziko ya wiki ya kwanza ya Oktoba. Nchini Ufaransa na Italia karakana nyingi hufungwa mwezi Agosti. Aidha, kwa kawaida mwezi Januari hufanyika maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM huko California, ambako kampuni hutangaza modeli mpya, na maduka huanza kupokea oda za vyombo ambavyo bado havijatoka kiwandani. Ukilipia modeli iliyotangazwa wiki iliyopita, jihesabie upo katika hali ya nne hata kama duka limekuonyesha picha nzuri.

Klarineti na obo, ambazo ni ala za kupuliza, zina sababu inayotugusa sisi zaidi, kwa kuwa mwili wake huchongwa kwa mpingo, na sehemu kubwa ya mpingo huo hutoka Tanzania na Msumbiji. Mpingo huchukua zaidi ya miaka 70 kufikia unene wa kuvunwa, na vipande vikishakatwa hukaushwa polepole kwa muda mrefu kabla ya kutobolewa, la sivyo hupasuka. Mpingo umo katika jamii ya miti ambayo, tangu Januari 2, 2017, biashara yake ya kimataifa ilianza kuhitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kwa karibu miaka mitatu hata ala zilizokamilika zilikwama kwa kukosa karatasi. Tangu Novemba 26, 2019 ala za muziki zilizokamilika za miti hiyo zimeondolewa katika sharti hilo, isipokuwa zile za mti wa Brazili wenye ulinzi mkali zaidi. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia leo kwamba klarineti yako mpya ya mpingo imekwama kwa sababu ya kibali cha CITES anatumia sababu iliyopitwa na wakati. Mwombe akuonyeshe barua ya mamlaka iliyoizuia. Lakini akikuambia kwamba kiwanda cha klarineti cha Buffet Crampon kule Mantes-la-Ville, Ufaransa, kinaunda kwa mafungu, na mbao nzuri hazitoshi, hilo ni la kuaminika.

Hatua ya tano: Linda pesa, maana pesa nazo zina saa yake

Hapa ndipo penye siri ambayo nisingependa mtu aijue kwa kuchelewa: haki ya kurudishiwa pesa huisha, na inaweza kuisha huku ukiendelea kusubiri kwa upole. Ukilipa kwa PayPal, una siku 180 tangu siku ya malipo kufungua shauri. Ukilipa kwa kadi ya Visa au Mastercard, benki inaweza kudai pesa kwa niaba yako, na kwa kawaida dirisha ni siku 120 tangu siku uliyoahidiwa kupokea bidhaa. Uliza benki yako inahesabuje tarehe zinaposogezwa. Muuzaji anayekubembeleza usubiri "mwezi mmoja tu" mara sita anaweza kukutoa nje ya dirisha bila hata kukusudia. Weka alama kwenye kalenda wiki tatu kabla ya dirisha kufungwa, na siku hiyo uamue. Kwa mtu asiye na sikukuu wala onyesho, basi siku hiyo ndiyo siku yake ya mwisho ya kusubiri.

Malipo ya simu ni jambo jingine. M-Pesa na mitandao mingine inaweza kusaidia kurudisha pesa iliyotumwa kwa makosa ukiwahi kutoa taarifa, lakini haikurudishii pesa uliyomlipa muuzaji kwa hiari yako kwa sababu tu bidhaa imechelewa. Kwa hiyo ukilipa kwa simu, lipa arubuni ndogo. Mimi sasa sizidishi asilimia 20 kwa ala iliyo katika ratiba ya kiwanda, na nusu kwa ala ambayo nimeona namba ya kontena lake. Katika risiti iandikwe wazi kwamba arubuni inarudishwa yote endapo ala haitafika kufikia siku fulani, kwa kuwa maduka mengi hulichukulia neno "arubuni" kuwa pesa isiyorudi mteja akijitoa, na pasipo maandishi mtabishana bure.

Ikiwa ndugu aliyeko Ulaya au Marekani ndiye anayewanunulia, ana ulinzi wa kisheria wa kutosha. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, pasipo makubaliano mengine muuzaji lazima afikishe bidhaa ndani ya siku 30; akishindwa, mnunuzi humpa muda wa nyongeza unaofaa, na ukipita anaweza kuvunja mkataba na kurudishiwa pesa. Nchini Marekani, muuzaji wa mtandaoni asiyetaja muda hupewa siku 30 za kutuma, na akichelewa lazima amjulishe mteja na kumpa nafasi ya kufuta oda kwa kurudishiwa pesa zote. Lakini zingatieni kwamba mkishakubali kwa maandishi tarehe ya miezi minne ijayo, hizo siku 30 hazitawasaidia. Nyumbani, Tanzania Bara ina Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mlaji, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Malalamiko yanayoambatana na risiti, namba ya foleni na barua zenye tarehe husikilizwa tofauti kabisa na malalamiko ya mdomo.

Hatua ya sita: Hesabu mara ambazo tarehe imesogezwa

Kanuni yangu ni hii. Tarehe ikisogezwa mara ya kwanza, pamoja na sababu yenye jina, ninakubali. Ikisogezwa mara ya pili, ninataka karatasi mpya: namba ya kontena, au barua ya msambazaji. Ikisogezwa mara ya tatu bila karatasi mpya, ninajitoa, hata kama siku yangu ya mwisho haijafika. Kinachonifanya nijitoe si urefu wa muda. Nimewahi kusubiri saksafoni ya vijana kwa miezi saba bila wasiwasi, kwa sababu kila mwezi muuzaji alinionyesha ilipofikia.

Kujitoa kufanyike kwa maandishi, hata kama mnajuana. Barua fupi inatosha, kwa mfano hivi:

"Ndugu Meneja, tarehe 10 Septemba tulilipa arubuni ya kinanda, risiti imeambatishwa. Tuliahidiwa tarehe 30 Oktoba, kisha 15 Novemba, kisha 1 Desemba. Tunaomba ndani ya siku saba utupatie namba ya kontena lenye kinanda hicho, au barua ya msambazaji inayotaja mwezi wa uzalishaji. Tusipopata mojawapo, tutahesabu kwamba oda imefutwa, na tutaomba arubuni yote irudishwe ndani ya siku 14. Tunashukuru kwa ushirikiano wako."

Angalia kwamba barua haimtukani mtu wala haimtishi kwa polisi. Inamwachia mlango wa kuthibitisha, na inaweka siku mbili zinazohesabika. Itume kwa WhatsApp na pia upeleke nakala dukani, isainiwe kuwa imepokelewa.

Hatua ya saba: Pima kibadala unachopewa

Mara nyingi muuzaji mwenye aibu atakupa chombo kingine badala ya kile. Usikatae papo hapo, na usikubali papo hapo. Rangi nyingine ya modeli ileile ikubali, kwa sababu inakuokolea miezi. Modeli iliyotangulia, ikiwa mpya na bei imepungua, mara nyingi ni ununuzi mzuri kuliko ile mliyoagiza. Mpiga kinanda wenu huenda tayari anaijua. Kwa klarineti, zipo za plastiki zinazofaa wanafunzi na zinazopatikana haraka, na zipo za aina ya Greenline za Buffet Crampon, ambazo mwili wake hutokana na unga wa mpingo uliochanganywa na nyuzi za kaboni, nazo hazipasuki kirahisi kama mbao kwa mabadiliko ya hewa.

Tahadhari kubwa ni umeme. Kinanda kilichoundwa kwa ajili ya soko la Japani hutumia volti 100, na cha Marekani volti 120, wakati umeme wetu ni wa volti 230 au 240. Kama kinanda kinatumia adapta ya nje, adapta hubadilishwa na shida imekwisha. Kama transfoma imo ndani, mtahitaji kifaa cha kushusha umeme kila mahali mnapokwenda kuimba, na siku mtu atakapokisahau ndiyo siku kinanda kitaungua. Soma kibandiko kilicho nyuma ya chombo kabla ya kukubali.

Hatua ya nane: Wakati unasubiri, na siku ala inapofika

Kikundi kisikae bila chombo. Azimeni kwa jirani, au kodini kwa siku za ibada tu, na gharama hiyo iandikwe katika hesabu ya kinanda, kwa maana ni sehemu ya bei ya kusubiri. Mkiona kodi ya miezi minne imefikia robo ya bei ya chombo cha mtumba kilicho kizuri, nunueni hicho cha mtumba. Mpigaji naye apakue kitabu cha maelekezo cha modeli inayokuja, ambacho kampuni nyingi hukiweka bure mtandaoni, aanze kukisoma.

Siku ya kupokea, nendeni watu wawili, na mpigaji awe mmoja wao. Linganisheni namba ya modeli iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye risiti, herufi kwa herufi. Tazameni kama boksi limelowa au limegongwa pembeni, kwa kuwa mzigo huenda umekaa wiki kadhaa katika joto la ghala la bandari. Kwa kinanda, bonyezeni kila kibao, kimoja kimoja, polepole kisha kwa nguvu. Kwa gitaa, tazameni shingo kama imepinda na mjaribu kila uzi katika kila kituo cha shingo. Kwa ganuni, kagueni ngozi na daraja lililo juu yake kabla ya kuanza kulinganisha sauti za nyuzi. Hati ya makabidhiano isainiwe baada ya hayo yote, na kama kuna kasoro iandikwe hapohapo juu ya saini.